Uchungu wa Kombe

Hamidu alikuwa anashona gunia. Gunia lenyewe halikuwepo, wala sindano, wala uzi. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wa kulia ukizama na kuibuka hewani, na kila baada ya mishono kadhaa aliinamisha kichwa akakata kwa meno uzi ambao hakuna mwingine aliyeuona.

Inspekta Loisi Mazengo alisimama mlangoni mwa chumba cha mahabusu akimtazama. Nje, upepo wa kipupwe ulikuwa unaburuta vumbi jekundu la Dodoma na kulipiga kwenye mabati ya kituo. Ndani kulinuka dawa ya kufanyia usafi.

"Tangu lini yuko hivi?" aliuliza.

"Tangu tumlete, afande," alisema Koplo Marko, aliyeshika funguo. "Ila jana asubuhi alikuwa na nafuu. Alijua jina lake, akaomba maji. Mchana akarudi kule kule."

Jalada lililokuwa kwapani mwa Loisi lilikuwa jepesi, na wakubwa wake walipenda libaki hivyo. Mfanyabiashara wa mahindi aitwaye Abdulrahim alikutwa amekufa kwenye ghala lake Kibaigwa, fuvu limepasuka kwa jiwe la mizani. Pembeni yake alikutwa mdogo wake, Hamidu, shati lina damu, anaongea na ukuta. Soko zima lilikuwa limewasikia ndugu hao wakigombana juu ya shamba la baba yao huko Busi. Askari wa kwanza kufika alimuuliza Hamidu kama yeye ndiye aliyeua, naye akajibu ndiyo. Alama ya dole gumba ilikuwa chini ya maelezo.

"Mtu amekiri, Loisi," mkuu wake alimwambia asubuhi ile. "Unatafuta nini tena?"

Loisi aliingia, akachuchumaa mbele ya mtuhumiwa.

"Hamidu, unanijua?"

"Nakujua. Wewe ndiye mwenye Fuso." Sauti ilikuwa kavu, ulimi ukigandamana na kaakaa.

"Ulimuua kaka yako?"

"Ndiyo."

"Kwa jiwe la mizani?"

"Ndiyo."

"Au lilikuwa panga?"

"Panga, ndiyo. Panga."

"Mbona nasikia ulimpiga risasi?"

Hamidu alifikiri. Alionekana kutaka sana kumridhisha mgeni. "Nilimpiga risasi," alikubali. "Sogea kidogo, mama, unakanyaga magunia."

Marko, aliyekuwa na tabasamu muda wote, alilifuta. Loisi aliwasha tochi ya simu akaielekeza kwenye macho ya yule mtu. Mboni zilikuwa zimefunguka mno, nyeusi tupu, na mwanga ulipozigonga hazikusinyaa hata chembe. Alizima tochi, akainuka.

"Kampigie simu daktari Evarista," alimwambia Marko. "Mwambie namwomba aje mwenyewe."

*

Daktari Evarista alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi chache, aliyetumia nusu ya maisha yake kutibu magonjwa ya akili. Hakuwa na haraka. Alimpima Hamidu mapigo ya moyo, akamwinamisha shingo kuona kama imekakamaa, akampapasa tumbo chini ya kitovu, kisha akafanya jambo lililomshangaza Marko. Aliingiza vidole kwapani mwa mgonjwa, akavitoa, akavisugua.

"Pakavu," alisema. "Mwili unachemka, lakini kwapa halina hata tone la jasho. Kibofu kimejaa na hakojoi. Kipimo cha malaria?"

"Kilisema hana," alijibu Loisi.

"Ndugu zake wanasemaje?"

"Wanasema jini."

"Sibishani na dini ya mtu. Ila jini ninayemjua mimi hakaushi makwapa."

Walihamia ofisini kwa Loisi. Daktari alipewa chai, akakishika kikombe bila kuinywa.

"Nieleze kama utakavyomweleza hakimu," alisema Loisi.

"Sawa. Ubongo una mabilioni ya seli, na kati ya moja na jirani yake pana mwanya mdogo kuliko unavyoweza kuwaza. Ujumbe unakimbia ndani ya seli kama umeme, lakini ukifika ukingoni unakwama, hauwezi kuruka. Hapo seli inamwaga kemikali kidogo. Kemikali inavuka, inakwenda kukaa mahali pake ng'ambo, na seli ya pili inaamka. Kemikali hizi ziko aina nyingi. Mojawapo inaitwa asetilikolini. Hiyo ndiyo inayokusaidia kukumbuka, kuwa makini, kujua uko wapi. Hiyo hiyo inasinyaza mboni, inaleta mate mdomoni na jasho kwapani."

"Na Hamidu hana?"

"Anayo. Ila haina pa kukaa. Kuna sumu zinazofanana nayo kwa umbo. Zinawahi, zinakalia kiti, hazinyanyuki na hazisemi kitu. Mjumbe halisi akifika anakuta kiti kina mtu. Basi habari za nje hazifiki sawasawa, kumbukumbu haihifadhiwi, na ubongo ukikosa habari unajitungia zake. Yeye ni mshona magunia, ndiyo maana anashona."

"Na kukiri kwake?"

"Mtu wa hali hiyo hana mahali pa kusimama akupinge. Mwambie mvua inanyesha, atatafuta mwavuli."

Loisi alikumbuka panga, kisha risasi. "Sumu gani hiyo?"

"Kuna vidonge vya namna hiyo. Lakini hapa kwetu inaota bure, kando ya mazizi na majalala. Mnanaha. Ua refu jeupe, tunda la miiba."

"Alinyweshwa siku ya mauaji?"

"Ndivyo ningesema, kwa hali uliyonieleza walivyomkuta. Ila nguvu yake ni ya siku moja, mbili. Baada ya hapo mtu anaamka ana kiu na aibu, hakumbuki kitu."

Loisi alihesabu tarehe kwenye jalada. Upepo ulitikisa dirisha.

"Daktari, huyu ana karibu wiki mikononi mwetu."

Kikombe kiliwekwa mezani polepole. Daktari Evarista alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Basi bado anapewa. Humu humu ndani. Na wakimzidishia kidogo, moyo utasimama, nanyi mtaandika kwamba mahabusu amekufa kwa jini."

*

Loisi hakumwambia mtu. Alipita chumba hadi chumba akichungulia. Mahabusu wengine walikunywa maji ya tangi lile lile na macho yao yalikuwa mazima. Alimwangalia Marko akihesabu funguo, akajiuliza kama anamjua vya kutosha, akachukia kujiuliza. Asubuhi nafuu, mchana kurudi kule kule. Kati ya asubuhi na mchana kulikuwa na jambo moja tu, chakula cha kutoka nyumbani.

Saa za kuleta chakula zilipofika, mke wa Hamidu aliingia getini. Sabrina alikuwa binti wa Kondoa, mwembamba, macho yamevimba kwa kulia, hotipoti mkononi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Fungua, binti. Utaratibu unaujua."

Utaratibu ulikuwa kwamba aletaye chakula huonja kwanza. Sabrina alifungua. Ugali wa uwele, mlenda, vipande vya nyama. Alikata tonge akachovya, akala. Loisi akamwambia achote kutoka chini kabisa, akachota. Akamwambia ale nyama, akala. Akamwambia anywe maji aliyoleta, akanywa mpaka nusu. Hakusita popote. Alikuwa na njaa, na ilionekana ni chakula chake cha kwanza siku hiyo.

Loisi alihisi hoja yake yote ikimponyoka. Hakuna mtu anayekula sumu kwa hamu namna ile.

"Haya, mpelekee," alisema.

Sabrina alifunika hotipoti. Kisha akaingiza mkono chini ya ushungi akatoa chupa ndogo iliyoviringishwa kwenye leso nyeupe, akamkabidhi Marko kwa mikono miwili. Marko aliipokea kwa ncha za vidole.

"Hiyo nini?" aliuliza Loisi.

"Dua tu, afande," alisema Marko. "Inaletwa kila siku. Hiyo hatuionjeshi. Mimi Mkristo naogopa hata kuishika."

"Ni kombe," alisema Sabrina kwa haya. "Maalimu anaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Limeandikwa kwa jina la Hamidu. Haifai mwingine anywe."

Loisi alinyoosha mkono. Akaifungua leso kwa adabu, akaielekeza chupa kwenye jua. Maji yalikuwa ya manjano iliyokolea kupita kiasi, yana ukungu.

"Hamidu analipenda?"

"Hapana. Analia kwamba chungu. Lakini tumeambiwa uchungu ule ni jini anavyokataa. Kwa hiyo namshika kidevu mpaka amalize."

"Maalimu ndiye aliyekwambia?"

"Hapana. Shemeji Mbwana. Maalimu yuko Busi, mbali. Shemeji ndiye anayefuata kombe, ndiye anayenileta na gari. Shemeji kwa heshima tu, ni mshirika wa marehemu kwenye ghala. Ametusaidia sana, afande. Bila yeye sijui."

"Namba ya maalimu unayo?"

Maalimu Zaidi alipokea haraka, sauti ya mzee ikipenya kelele za mbuzi. Baada ya salamu Loisi alimuuliza kombe lake linatengenezwa kwa nini.

"Zafarani, maji ya waridi, na maneno ya Mungu, mwanangu. Hakuna jingine."

"Huwa chungu?"

"Chungu? Watoto wanaliombea nyongeza."

"Umeshamwandikia Hamidu makombe mangapi?"

"Moja. Mbwana alikuja siku ya maziko, nikamwandikia. Sijamwona tena. Kijana anaendeleaje?"

Loisi alishukuru, akakata simu. Sabrina alikuwa amesikia kila neno.

"Sabrina, nisikilize. Kwa nini Mbwana atake mume wako asipone?"

"Sijui, afande. Wallahi sijui." Kisha akashika kifua. "Dada Batuli."

"Batuli ni nani?"

"Mke wa marehemu. Yuko eda, nyumbani Kizota. Jana alisema anataka kuongea na polisi kuhusu mahindi. Yale ya mbegu, mekundu, yaliyotiwa dawa ya wadudu. Mumewe aliyakuta ghalani yanaoshwa ili yauzwe ya kula. Aligombana na shemeji Mbwana, akasema atakwenda kumshtaki. Dada Batuli aliyasikia kwa masikio yake."

"Mbwana anajua kwamba Batuli anataka kuongea?"

Machozi yalianza kumtiririka Sabrina kabla hajajibu. "Mimi ndiye niliyemwambia, kwenye gari. Na leo asubuhi amenipa chupa mbili. Moja ya Hamidu, moja ya dada Batuli, ya kumtuliza majonzi. Nimeshampa."

*

Simu ya Batuli iliita bila kupokelewa, Loisi akatoka nje. Mbwana alikuwa ameegemea gari lake nje ya geti, akichokoa meno. Mtu wa makamo, kanzu safi, kofia ya kufuma. Alipomwona Loisi alinyanyuka vizuri, kama mtu aliyelelewa kwa adabu.

"Afande, habari za kazi? Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Kiu inamsumbua." Loisi alimnyooshea chupa. "Na wewe umeendesha tangu asubuhi. Karibu unywe."

Mbwana aliitazama chupa, kisha akamtazama Marko aliyekuwa amesogea nyuma yake. Tabasamu halikuondoka. "Kombe halinywewi na asiye mgonjwa, mama. Ni makosa kwetu."

"Nimetoka kuongea na Maalimu Zaidi. Anasema hajakuona tangu maziko."

Kijiti cha meno kilisimama mdomoni.

Gari lilipekuliwa mbele ya shahidi huru, mama auzaye vocha ng'ambo ya barabara. Chini ya kiti cha dereva Marko alitoa chupa ya maji ya waridi, pakiti ya rangi ya manjano ya biriani, na mfuko wa plastiki wenye matunda makavu ya miiba, mengine yamekwisha kupasuliwa. Loisi alimsomea Mbwana haki zake. Marko akamfunga pingu.

Mbwana hakupandisha sauti. Alimgeukia Sabrina, aliyekuwa amesimama getini na hotipoti yake, akasema kwa upole ule ule wa siku zote:

"Mimi sijawahi kumgusa mdomo mtu yeyote. Muulizeni huyu nani aliyemnywesha Hamidu. Nani aliyemshika kidevu."

Hotipoti ilianguka. Loisi alimshika Sabrina mkono akamvuta kwenye gari la polisi.

*

Kizota mafundi walikuwa wanachomelea mageti barabarani, cheche zikiruka mpaka lami. Sabrina alielekeza kwa kidole. Nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kufariji, wamekaa kwenye mikeka, na wote walikuwa wanatazama upande mmoja.

Batuli alikuwa katikati ya ua, hana viatu, nguo zake nyeupe za eda zimechafuka vumbi. Alikuwa anapepeta. Mikono yake ilishika ungo usiokuwepo, akautikisa, akapuliza makapi, akaokota kitu kwa vidole viwili akakitupa kwa chuki.

"Mekundu," alikuwa anasema. "Haya mekundu. Nani kayachanganya haya?"

"Ni majonzi," mwanamke mmoja alimnong'oneza Loisi. "Alianza muda si mrefu. Alituambia marehemu amemwita."

Loisi alimgusa shingo. Ngozi iliwaka kama ya mtu aliyelala juani, kavu, na mshipa chini ya vidole vyake ulikuwa unakimbia hata haukuhesabika. Kwenye mkeka ilikuwepo chupa ndogo juu ya leso nyeupe. Tupu.

Alimpigia daktari Evarista.

"Amekunywa yote?" aliuliza daktari.

"Yote."

"Mlowesheni maji, mpepeeni njiani, msimfunge wala msimpigie kelele. Nakusubiri mlangoni."

Walimbeba kwa kanga zilizolowa. Garini Batuli alimshika Loisi mkono kwa nguvu zisizo zake, akamtazama kwa yale macho meusi yasiyo na mwisho.

"Abdulrahim," alimwita Loisi. "Usimpe mgongo Mbwana. Ana jiwe."

Loisi alipeleka mkono kwenye simu arekodi, kisha akauacha. Hakuwepo ghalani mwanamke huyu. Alikuwa anaona kile alichokiogopa, na hakuna mahakama ambayo ingeyapokea maneno ya kichwa kile, kama yeye alivyokataa ya Hamidu. Kesi ingesimama juu ya mfuko wa miiba, simu ya mzee wa Busi na majibu ya mkemia kuhusu zile chupa, na juu ya Batuli kama angeishi.

"Pepea," alimwambia Sabrina. "Usiache kupepea."

Hospitalini Sabrina alisimama ukutani, mikono ameitenga na mwili wake kama si yake.

"Afande," aliuliza baadaye, "ni mimi?"

Loisi alikuwa na majibu ya kisheria, hayakumtosha. "Wewe ulimpa dawa mumeo," alisema. "Yeye ndiye aliyetia sumu. Nitalisema hilo mahakamani mara nyingi kadiri watakavyoniuliza."

Sabrina aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kuwa amesikia.

*

Batuli aliishi. Moyo wake ulipunguza mbio alfajiri, na daktari Evarista alisema kwamba atakapoamka vizuri ataweza kueleza habari za mahindi, kwa kuwa hizo alizihifadhi kabla ya sumu. Siku ile ya ua na ungo haitarudi kwake kamwe.

Hamidu alikuwa amehamishiwa wodini, askari mlangoni, na kwa kuwa hakuna chupa iliyomfikia tena, viti vile vya ndani ya kichwa chake vilianza kuachwa wazi kimoja kimoja. Kwanza jasho lilirudi. Kisha mboni zikasinyaa. Loisi alikuwepo siku alipofungua macho akaangalia dari, akaangalia dripu mkononi, akamwangalia mkewe kama mtu anayefika kutoka safari ndefu.

"Sabrina. Hapa wapi?"

"Hospitali."

"Nimeumwa?"

"Uliumwa sana."

Alijikagua, akavuta shuka kwa aibu kufunika miguu. Akaomba maji, akanywa yote. Loisi alisubiri. Alikuwa na maswali yake tayari, la kwanza likiwa nani aliyempa kitu cha kunywa ghalani siku ya mauaji, na alijua kwamba huenda jibu halipo popote.

"Mwanga huu wa saa ngapi?" aliuliza Hamidu. "Asubuhi imepita? Kuna lori la Mwanza lilikuwa linapakiwa." Akahangaika kuinuka, mikono haikumbeba. "Siwezi. Mpigie kaka. Mwambie leo sitaweza kuja, atafute mtu wa kushona. Asinisubiri."

Sabrina alimwangalia Loisi. Loisi alisogea karibu na kitanda, kwani kazi ya kutoa habari za msiba alikuwa ameifanya mara nyingi na alijua maneno yake, lakini Sabrina alitikisa kichwa.

"Tuache kidogo, afande," alisema. "Nitamwambia mimi."

Loisi alitoka, akavuta mlango. Alikuwa amefika katikati ya korido, askari akimpigia saluti, alipomsikia Hamidu akilia.